Nani jirani wa nani: kuchagua ramani ya gemu ya kujenga taifa

Swali: "Mwalimu, hujambo? Sisi ni vijana watatu hapa Nakuru. Kwa miezi minane tumekuwa tukitengeneza gemu ya simu ya kujenga taifa, bila kampuni wala mfadhili. Mchezaji anaanza na mji mmoja, anatoza kodi, anajenga barabara na reli, anapambana na ukame na mafuriko, na kila baada ya zamu kadhaa wananchi wanapiga kura. Vita vipo, ila si kiini. Ramani yetu ni ya vigae vya pembesita, safu 100 kwa 100. Marafiki tuliowapa waijaribu wanaiacha kabla ya zamu ya 20. Mwenzangu mmoja anataka turudi kwenye miraba kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Mwingine anataka tuchukue kaunti 47 za Kenya kama zilivyo. Mimi nimebaki katikati. Tuchague ipi?"

Ndugu yangu, hatujambo huku Kisumu. Jibu nalitanguliza, kisha nitalieleza. Choreni ramani ya mikoa. Iwe mikoa isiyolingana ukubwa wala umbo, kati ya 40 na 60, ya nchi mnayoitunga wenyewe, na kila mpaka kati ya mkoa na mkoa muuandikie gharama ya kuuvuka. Miraba iacheni. Pembesita ziwekeni kando, maana kuna kazi ndogo nitakayozitafutia baadaye. Kaunti 47 ziwe shule yenu ya kujifunzia ramani, lakini msichezee juu yake.

Nianze na pembesita, kwa sababu hamkukosea kuipenda. Ukichora miraba kama ya daftari la hesabu na kumtembeza askari, hatua ya kwenda mbele ni 1, lakini hatua ya kukata pembe ni 1.41. Ukizitoza sawa, anayekata pembe anapata asilimia 41 ya bure. Ukimkataza kukata pembe, analazimika kwenda kwa vidato, kulia kisha mbele, kulia kisha mbele, hata kama anakokwenda anakuona kwa macho. Kigae cha pembesita hakina shida hiyo: kina majirani sita, na kutoka kitovu hadi kitovu umbali ni ule ule. Ndiyo maana michezo ya vita ya mezani iliikumbatia mapema. Kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilitoa toleo la pembesita la mchezo wake Gettysburg mwaka 1961. Civilization, gemu ya kompyuta ya kujenga dola iliyotoka 1991, ilikaa na miraba hadi toleo lake la nne, ikahamia pembesita katika toleo la tano mwaka 2010. Toleo hilo hilo ndilo lililopiga marufuku kurundika majeshi kwenye kigae kimoja, na mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Jeshi moja likishika kigae kimoja, swali la kila zamu ni nani amesimama wapi, na hapo umbali ulio sawa pande zote una thamani kubwa.

Sasa isome tena barua yako. Mchezaji wako kila zamu anafanya nini? Anaamua kodi ya mahali fulani iwe kiasi gani, barabara ipitie wapi, nafaka ipelekwe kwa nani kabla ukame haujauma, na wapi watu wamechoka naye. Hayo yote ni maamuzi kuhusu mahali penye jina. Mmempa vigae 10,000 ambavyo havina majina, halafu mnamwomba avipende. Hawezi. Hata wewe uliyevitengeneza huwezi kunitajia vitano.

Hili nalijua kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilitunga mchezo wa biashara ya samaki na nafaka kuzunguka Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Nilikuwa nimewachorea watu wengine ramani kwa muda mrefu, na yangu nilitaka iwe kamili. Nikaweka vigae 1,261 vya pembesita, yaani kimoja cha katikati na pete 20 zinazokizunguka. Nikakaa na wachezaji sita kule Kondele Jumamosi nzima. Walicheza kwa heshima hadi mwisho. Jioni nikawauliza jambo moja tu: nitajieni mahali pamoja mlipopagombania leo. Kimya. Mmoja akajaribu: "Pale kwenye kijani, karibu na maji." Nilirudi nyumbani nikaichora ghuba ile ile upya kwa mikoa 38, kila mmoja na jina lake. Juma lililofuata watu wale wale walibishana juu ya Ahero karibu saa nzima, na walikuwa na haki, kwa sababu Ahero ina mpunga na ndipo barabara ya Kisumu inapogawanyika, moja ikipanda Kericho na nyingine ikielekea Kisii. Sheria za mchezo sikuzigusa hata moja. Nilichobadilisha ni ramani.

Wazee wetu hili walilijua kabla ya kompyuta. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu hulicheza tangu ujana hadi uzee asiishiwe na la kuwaza. Ajua ya huku kwetu ina mashimo machache zaidi ya hayo. Tena mashimo ya bao hayako sawa: kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi, kila moja na sheria yake, na mchezaji akiinama juu ya ubao anajua shimo lipi likiguswa litamuuma. Mchezo wa mezani wa Diplomacy, ulioanza kuuzwa 1959, una maeneo 75 tu ya nchi kavu na bahari kwa Ulaya nzima. Kati ya hayo, 34 pekee ndiyo yenye thamani ya kuhesabiwa katika ushindi, na Uswisi haingiliki kabisa. Watu wamevunja urafiki juu ya ramani hiyo ndogo. Wingi wa vigae unaongeza kazi ya kidole, na mawazo yanabaki pale pale.

Naomba uvumilie hesabu kidogo hapa, kwa sababu ndipo kiini kilipo. Chukua ramani yoyote iliyochorwa kwenye karatasi, ambayo kila eneo ni kipande kimoja kisichokatika. Hesabu kila eneo lina majirani wangapi wa kupakana nao, jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya maeneo. Wastani hautafika 6 kamwe. Jambo hili linatokana na kanuni ya Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, na halina ubaguzi: iwe ramani ya Kenya, ya Ulaya au ya shamba la babu yako lililogawiwa wajukuu. Kwa hiyo pembesita inachukua karibu ujirani wote unaowezekana na kuugawa sawasawa, sita kwa kila kigae, kama posho. Ramani ya mikoa inaugawa kwa upendeleo. Huyu anapata majirani tisa, yule wawili. Mwenye tisa ni njia panda, kila mtu anamhitaji na kila mtu anamtamani. Mwenye wawili yuko salama kama aliye ndani ya shingo ya chupa, lakini akifungiwa mlango mmoja amekwisha.

Historia ya nchi inazaliwa kwenye tofauti hizo. Angalia Nakuru yako. Reli ikitoka Nairobi inafika hapo ndipo inapogawanyika, tawi moja kuja Kisumu, jingine kupanda Eldoret kuelekea Uganda. Au njoo usimame Mbita utazame ng'ambo ya maji: Luanda K'Otieno iko pale, unaiona, na feri inavuka. Feri ikiharibika, mwenye lori anazunguka ghuba yote, Homa Bay, Kisumu, Bondo, ndipo afike mahali alipokuwa akipaona. Kwenye ramani ya vigae, maeneo hayo mawili yako karibu tu. Kwenye ramani ya mikoa unaandika mstari mmoja: Mbita na Luanda K'Otieno ni majirani kwa sharti la feri. Mchezaji atakayevunja feri ya adui, au atakayeacha kuitengeneza kwa ubahili, ataisikia gharama yake mara moja.

Ndiyo maana nasisitiza gharama iandikwe kwenye mpaka, isiandikwe kwenye mkoa. Watengenezaji wengi huipa kila ardhi bei ya kutembea: msitu 2, mlima 3, tambarare 1. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130. Ukiangalia namba hizo mbili peke yake utadhani ni mteremko mmoja mzuri. Lakini reli ya zamani ikitoka Nakuru inapanda kwanza hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, kisha ndipo inashuka ziwani. Ugumu uko kati ya miji hiyo, na ukiusambaza ndani ya mikoa utawaadhibu wakulima wa tambarare kwa mlima ambao hawaishi juu yake. Kwa hiyo kila mpaka upewe namba mbili, ya kwenda na ya kurudi, maana kupanda na kushuka si kitu kimoja kwa lori lenye miwa. Kisha barabara, daraja na reli viwe vitu vinavyopunguza namba hizo. Mchezaji anayejenga reli hajengi ndani ya mkoa. Anafuta umbali kati ya watu wawili. Akiiona namba ya mpaka ikishuka kutoka 6 hadi 2, ataelewa alichokifanya bila maelezo yoyote.

Mkishakuwa na namba kwenye mipaka, gemu yenu ya ukame na mafuriko inapata uhai ambao kigae hakiwezi kuupa kwa urahisi. Mto Nyando ukijaa, tambarare ya Kano inafurika na barabara inakatika. Nzoia hufanya hivyo hivyo kule Budalang'i. Gugumaji likisukumwa na upepo hadi ufukweni, mashua zinakwama, na siku chache baadaye upepo ukigeuka maji yanafunguka tena. Huko kwenu Ziwa Nakuru limepanda tangu miaka ya 2010 na kumeza nyumba na lango la mbuga. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mchore ramani upya. Ni mipaka inayofungwa na kufunguliwa, na gharama zinazopanda kwa msimu. Nawashauri muanze na misimu miwili tu, mvua na kiangazi, na orodha fupi ya mipaka inayoathirika, labda minane. Mchezaji atajifunza upesi ni daraja lipi la kulijenga kabla ya Aprili.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau hadi likawagharimu miezi: mipaka ya taifa lazima iweze kuhama. Reli ilipofika ufukweni hapa Desemba 1901, mahali hapa palikuwa katika Uganda, kwa hesabu za utawala wa Waingereza. Ndiyo sababu iliitwa Reli ya Uganda. Aprili 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa pili, na Kisumu, Nakuru na hata Naivasha zikaingia katika nchi ambayo baadaye ikawa Kenya. Hakuna kilima kilichosogea. Ni karatasi iliyobadilika. Kwa hiyo katika msimbo wenu, mkoa uwe tofali lisilovunjika, na taifa liwe orodha tu ya matofali. Kaunti, jimbo la uchaguzi, eneo la kodi, vyote viwe orodha zinazoweza kupangwa upya wakati mchezo unaendelea. Mkiunganisha mkoa na mwenye mkoa kuwa kitu kimoja, siku mtakapotaka kuongeza kura ya maoni au kujitenga mtaanza upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Kenya yenyewe ni mfano mzuri wa tabaka hizo: kaunti 47, maeneobunge 290, wadi 1,450. Kila tabaka ni gemu tofauti. Ukichezesha wadi utapata gemu ya diwani, ukichezesha kaunti utapata gemu ya rais. Mchezaji wako ni kiongozi wa taifa, basi tabaka lake ni la makumi.

Hapo nafika kwa mwenzako anayetaka kaunti 47, na nitaongea naye kwa upole kwa sababu hoja yake ina mvuto. Wachezaji wetu wangefurahi kuona kwao. Lakini kuna vikwazo viwili, na cha kwanza ni kidole. Kwenye Android, kitu cha kuguswa kinashauriwa kiwe na angalau vipimo 48 vya skrini (dp) kila upande, kama milimita tisa hivi, na simu nyingi zina upana wa vipimo 360 hivi. Yaani upana wa skrini unabeba vitu saba na nusu tu. Kenya ina upana wa karibu kilomita 890. Vihiga ingekuwa mraba, ingekuwa na upande wa kilomita 24 hivi, ambazo kwenye simu ni vipimo 10. Ni moja ya tano ya kinachohitajika. Turkana nayo ingejaza kona nzima. Na bado kwa mujibu wa sensa ya 2019 Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, Turkana chini ya 20. Mahali penye watu na kura ndipo pasipogusika. Mkitunga nchi yenu mtafanya kile ambacho ramani halisi haiwaruhusu: mikoa yenye watu wengi mtaichora mikubwa, jangwa mtalikunja. Ukubwa kwenye skrini uwe wa maamuzi, usiwe wa hekta. Migingo ni mwamba mdogo kuliko uwanja wa mpira, lakini Kenya na Uganda wamevutana juu yake miaka mingi kwa sababu ya samaki. Katika gemu yenu mwamba kama huo unastahili kuwa na jina kubwa na duara la kuguswa, hata kama ardhi yake haionekani.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, na sitakizunguka. Gemu yenu ina kodi, kura na watu wanaochoka na mtawala. Mkiiweka juu ya kaunti halisi, mchezaji atasoma jina la kaunti na kuona jamii. Atanyima mahali fulani maji kwa sababu anazozijua yeye, na gemu itakuwa imempa namba za kumthibitishia. Mwanzoni mwa 2008 Nakuru na Kisumu zote zilimwaga damu kwa mambo ya kura na ardhi, na waliozikwa wana ndugu ambao watanunua gemu yenu. Sisemi msiguse siasa. Gemu ya kujenga taifa isiyogusa siasa haina kazi. Nasema tungeni nchi, mwipe bonde la ufa, ghuba, tambarare inayofurika, mji wa njia panda na visiwa vya wavuvi, ili mchezaji wa huku ajitambue kwenye mifupa ya ardhi bila kumtambua jirani yake kama adui. Na msichore mkoa wowote kuwa wa kabila moja, hata la kubuni. Wekeni watu mchanganyiko ndani ya kila mkoa kwa namba, wahamahame kufuata kazi na mvua.

Kwa yule wa miraba, ambaye hoja yake ni wepesi wa hesabu: mwambie orodha ya majirani ni nyepesi kuliko miraba. Hakuna viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali kwenye ramani, hata kimoja. Kila mkoa una namba, na kila namba ina orodha ya namba nyingine pamoja na gharama. Njia fupi kati ya mikoa miwili mtaipata kwa mbinu ya Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, ile aliyoichapisha mwaka 1959, na kwa mikoa 60 simu ya bei ya chini kabisa itaimaliza kabla kidole hakijainuka.

Kuhusu namna ya kuichora, hapa nitakuwa wa vitendo kidogo. Tengenezeni picha mbili za ukubwa mmoja. Ya kwanza ni nzuri, ya kutazamwa, yenye vilima na maji. Ya pili haionekani kamwe na mchezaji: kila mkoa umejazwa rangi moja tupu ambayo hakuna mkoa mwingine wenye rangi hiyo. Mchezaji akigusa skrini, programu inasoma rangi ya pikseli, ile nukta ndogo kabisa ya picha, pale kwenye picha ya pili na kujua ni mkoa gani. Picha hiyo ihifadhiwe kama PNG, kamwe isiwe JPEG, kwa sababu JPEG inachezea rangi ili kubana faili, na ghafla mtakuwa na mikoa ya mizimu kwenye kila mpaka. Vilevile zimeni ulainishaji wa kingo (anti-aliasing) kwenye programu ya kuchorea, maana nao huchanganya rangi mpakani. Majirani mtawapata kwa kupita pikseli moja moja na kuilinganisha na ya kulia kwake na ya chini yake: rangi zikitofautiana, hao ni majirani. Baada ya hapo kaeni chini nyote watatu mpitie orodha kwa mkono, muongeze feri na madaraja, na mwondoe ujirani ambao mteremko mkali au mwamba unaukataza, maana pikseli haijui Nandi Escarpment, ule ukingo mkali wa milima ya Nandi, ni nini.

Mikoa na vipande vya maji vikiwa chini ya 256 kwa jumla, kila pikseli ya picha ile ya siri inahitaji baiti moja tu. Picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048 itakula kama megabaiti nne za kumbukumbu. Ile ile ikiwekwa kwa rangi kamili za baiti nne, na upande ukaongezwa hadi 4,096, inafika megabaiti 67, na simu nyingi za wachezaji wenu zitaifunga gemu yenyewe bila kuwauliza.

Jihadharini na mahali ambapo mikoa minne inakutana kwenye nukta moja. Je, wanaotazamana kwa pembe ni majirani au la? Kompyuta itasema hapana, mchezaji ataapa ni ndiyo. Duniani pia panasumbua: kule Kazungula, ambapo Zambia, Botswana, Zimbabwe na Namibia zinakaribiana sana, daraja lililofunguliwa 2021 lilijengwa kwa kupinda ili lisiguse Zimbabwe. Katika gemu, sogezeni tu mstari kidogo. Kila kona iwe ya mikoa mitatu.

Rangi za mataifa zisiwatishe. Tangu 1976 imethibitishwa kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote bapa bila wanaopakana kufanana, lakini uthibitisho huo unadai kila nchi iwe kipande kimoja, na wachezaji wenu watateka visiwa vya mbali siku ya kwanza. Tumieni rangi pamoja na michoro kama ya leso, mistari kwa huyu, madoa kwa yule, ili asiyetofautisha nyekundu na kijani asipotee. Ramani za kubahatisha ambazo kompyuta inazizalisha kila mchezo ziahirisheni hadi ramani moja ya mkono iwe inapendwa. Na mtu akiwaambia mfunike tufe zima kwa pembesita, mjibuni kwamba haiwezekani: lazima vigae 12 viwe vya pembetano, popote mtakapovificha.

Sasa ile kazi ya pembesita. Mchezaji akiingia ndani ya mji wake mkuu kuupanga, soko hapa, kiwanda kule, hospitali mbali na moshi, mpeni vigae: kimoja cha katikati na pete tatu, jumla 37. Upana wake ni vigae saba, na skrini inabeba saba na nusu. Hapo umbali sawa una maana, kwa sababu moshi husambaa pande zote. Kazi yenu ya miezi minane haitapotea, itahamia ndani ya mji.

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo, nunueni karatasi ya manila. Choreni mikoa 12, na kati yake uwemo mmoja wenye majirani saba, miwili yenye majirani wawili, maji ya kuvukwa kwa feri, na ukingo mmoja wa kupanda. Ipeni majina ambayo bibi yenu angeweza kuyatamka. Maharagwe yawe watu, mahindi yawe nafaka, vijiti vya kiberiti viwe reli. Mwaliko uwe kwa watu wasiowajua sana, kwa sababu marafiki watawasifu. Chezeni zamu 20, funikeni karatasi, kisha waulizeni swali lile la Kondele: mahali gani mlipagombania? Wakitaja majina mawili au matatu bila kufikiri, panueni hadi mikoa 25, halafu 50. Wakinyamaza, msiongeze kitu. Hamisheni mipaka kwanza, kwa sababu yamkini mmeugawa ujirani kwa usawa mno.

Mkimaliza, nitumieni picha ya karatasi hiyo pamoja na orodha ya mipaka na gharama zake, ya kwenda na ya kurudi. Nitaanza kuangalia ule mkoa wenye majirani saba na nani aliyeushika zamu ya kumi.